Ajali ya Deni

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuwa akikopa dukani kwangu: sukari kilo mbili, sabuni ya mche, mafuta ya kula ya kupimiwa. Siku yake ya kulipa ilikuwa tarehe 28. Mwezi mmoja 28 ikapita, 29 ikapita, na siku ya tatu akatokea na baiskeli mbele ya duka, akapunguza mwendo, akaniinulia mkono: "Mzee, lile deni nimelisogeza mpaka katikati ya mwezi!" Akakanyaga pedeli akaenda zake. Hakuniomba. Alinijulisha tu, kama redio inavyotujulisha kwamba kesho maji yatakatika. Nilicheka mpaka mke wangu akatoka uani kuja kutazama kuna nini.

Duka langu liko Ngamiani, Tanga, na nimekaa nalo zaidi ya miaka 30. Kwa muda unaokaribia huo nimekuwa pia mwadhini wa msikiti wa mtaani petu. Watu huona ni kazi mbili. Kwangu ni moja: kungoja wakati utimie, kisha kusema kwamba umetimia. Mwadhini hawahishi alfajiri kwa kuwa yeye ameamka mapema, wala hacheleweshi magharibi kwa kuwa dukani kuna mteja.

Ndiyo maana kesi moja ya Afrika Kusini, ya mwaka 2021, ilinikaa moyoni kuliko inavyomstahili muuza duka wa Tanga. Haikuwa kesi ya wizi wa kura wala ya mgombea aliyeenguliwa. Iligombewa tarehe tu: uchaguzi wa madiwani ufanyike lini. Aliyenipa habari zake ni mpwa wangu, fundi cherehani huko Durban, mwenye fremu karibu na Msikiti wa Ijumaa wa mtaa wa Grey. Mtaa huo siku hizi una jina jipya, Dr Yusuf Dadoo, lakini yeye na wateja wake bado wanasema Grey.

Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 159, inasema baraza la manispaa lisizidi miaka mitano, na muda wake ukiisha, uchaguzi ufanyike ndani ya siku 90. Uchaguzi uliotangulia ulifanyika tarehe 3 Agosti 2016. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tatu anaimudu: siku ya mwisho kabisa ni tarehe 1 Novemba 2021. Hiyo ndiyo ajali yao.

Nimelitumia neno hilo kwa makusudi. Kijana akisikia "ajali" anaona basi limepinduka Segera. Lakini neno lilitufikia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya muda uliotajwa, siku iliyowekwa ambayo kitu hukoma, kiwe deni, mkataba au umri wa mtu. Bibi yangu alisema fulani ajali yake imefika, na huyo fulani alikuwa amefia kitandani, hajagongwa na chochote. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Sura ya Bakara, haizungumzii pepo wala moto. Inazungumzia kuandikiana deni lenye ajali iliyotajwa, na kuweka mashahidi. Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo nilishangaa kwa nini nafasi kubwa hivyo ipewe mambo ya daftari. Baada ya kufungua duka sikushangaa tena.

Sasa, mwaka ule wa 2021 ulikuwa wa korona. Mwezi wa Mei, Tume ya Uchaguzi ya Afrika Kusini ilimteua Dikgang Moseneke, naibu jaji mkuu mstaafu, achunguze kama uchaguzi huru na wa haki ungewezekana katikati ya maradhi. Huyu si mtu wa kumshuku kwamba anawabeba watawala. Alifungwa akiwa na miaka 15, katika enzi ya ubaguzi, akakaa miaka kumi Robben Island. Mtu wa namna hiyo anajua miaka ni nini, na anajua kuhesabu siku. Alisikiliza madaktari, vyama na wataalamu, na tarehe 20 Julai akatoa ripoti yake: uchaguzi usogezwe, lakini usivuke mwisho wa Februari 2022. Kufikia hapo wengi wangekuwa wamechanjwa.

Jioni ile Tanga tulikuwa tunaamkia Idi ya kuchinja. Niseme vizuri: baadhi yetu tulikuwa tunaamkia, maana wale wanaofuata Makka walikuwa wamekwisha kuswali Idi yao asubuhi. Mambo ya mwezi Tanga tuyaache. Mpwa wangu alipiga simu kunitakia heri ya sikukuu, sauti yake imechoka. Wiki moja nyuma yake KwaZulu-Natal iliwaka moto, maduka yakavunjwa na kuporwa. Kwa jumla, pamoja na jimbo la Gauteng, walikufa watu zaidi ya 350. Yeye alikuwa amejifungia ndani ya fremu siku mbili pamoja na cherehani zake tatu. "Mjomba," akaniambia, "huku sasa wanasema hata kura ingoje."

Usiku ule nikafikiri juu ya hija. Mwaka 2019 mahujaji walikaribia milioni 2 na nusu. Mwaka 2020, wa korona, walisimama Arafa watu wapatao 1,000. Mwaka 2021 waliruhusiwa 60,000, wakazi wa kulekule waliochanjwa. Watu walipunguzwa mpaka uwanja ukawa mtupu kama sahani iliyolambwa, lakini siku haikusogezwa. Siku ya Arafa ni ya Arafa. Ukisimama pale kesho yake umesimama jangwani tu.

Lakini si ibada zote ziko hivyo, na hapa ndipo nilipoanza kubishana na nafsi yangu. Msafiri anakusanya swala mbili. Mgonjwa anafungua Ramadhani na kufunga siku nyingine. Sikiliza tunavyosema kwa Kiswahili: "Nadaiwa siku saba," mwanamke anamwambia mwenzake, "sijazilipa." Tumeifanya saumu kuwa deni, na deni hilo lina mdai mmoja ambaye amekwisha kusema mwenyewe kwamba mgonjwa namvumilia. Kisha kuna swala ya Ijumaa, ambayo ikikupita hailipiki. Utaswali adhuhuri, rakaa nne, na Ijumaa yako imekwenda. Basi uchaguzi ni wa aina gani? Ni saumu, au ni Arafa?

Mpwa wangu alikuwa na hasira ya namna nyingine. Mwaka uliotangulia, misikiti ya huko ilipofungwa, Waislamu kadhaa walikwenda Mahakama Kuu ya Pretoria kuomba waruhusiwe kuswali misikitini, na tarehe 30 Aprili 2020 wakakataliwa. "Mungu anaambiwa asubiri," alisema, "je, madiwani?" Nilimwambia asiseme hivyo. Mahakama ile haikugusa wakati wa swala hata moja. Iligusa mahali. Adhuhuri ilibaki adhuhuri, uliswali sebuleni au jikoni. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mimi naweza kusema hayo kwa sababu Tanzania misikiti haikufungwa. Ni kweli. Sisi tuliadhini na watu wakaja, na mimi sikuonja alichoonja yeye.

Tume ikaenda Mahakama ya Katiba mwanzoni mwa Agosti kuomba ruhusa ya kuvuka zile siku 90. Waziri anayehusika alikuwa amekwisha kutangaza kwamba kura itapigwa tarehe 27 Oktoba. Nikawa nafuatilia kwa simu kila jioni baada ya isha, na kila jioni kichwani nikawa narudi mwaka 1987.

Mwaka huo baba alifariki akaacha duka, daftari la madeni, na watoto wanne. Mimi nilikuwa mkubwa. Mdogo wetu wa mwisho, binti, alikuwa na miaka sita. Katika daftari kulikuwa na jina la mvuvi mmoja wa Sahare aliyekopa pesa za kukarabati dau lake, ameahidi kulipa mfungo mosi. Kabla mfungo mosi haujafika dau likapasuka kwenye mwamba upande wa kisiwa cha Yambe. Alikuja nyumbani usiku, kofia mkononi, akaomba miezi sita. Hakuwa kama yule mwalimu wa baiskeli. Alikaa kwenye mkeka akalia mbele yangu, mtu mzima mwenye wajukuu.

Nilitaka kumpa. Nikaenda kwa shehe aliyetugawia mirathi, nikamweleza, na nikaongeza kwamba Kurani imehimiza mdaiwa aliyekwama apewe nafasi mpaka apate wasaa.

"Imemhimiza mdai," akasema. "Wewe ndiye mdai?"

Nikasema mimi ni mmoja wao.

"Basi fungu lako msamehe, hata ukitaka lichome moto. La watoto huna. Wewe pale ni mlinzi."

"Hata kumsogezea siku?"

"Labda kama kusogeza kuna maslahi ya watoto wenyewe, na uchukue rahani, na uweke mashahidi. Na uiogope nafsi yako. Nafsi huyaona maslahi haraka sana pale inapoona haya kudai."

Sijapata kusikia maneno yanayoieleza kesi ya Afrika Kusini vizuri kuliko hayo. Madaraka ya diwani ni mkopo. Wananchi ndio wadai. Mdai anaweza kumwongezea mdaiwa muda, hilo ni lake, na pengine ni wema mkubwa. Lakini wadai hawa ni mamilioni, na hawana kinywa kingine cha kusemea isipokuwa uchaguzi wenyewe. Huwezi kuwauliza "mnakubali tusiwaulize mpaka Februari?" bila ya kuwauliza. Basi anayebaki kuulizwa ni hakimu, naye ni mlinzi wa mali ya watoto. Akisema "ongezeni miezi minne" anatoa zawadi kutoka mfuko wa mtu asiyekuwapo.

Nakiri hoja ya Moseneke haikuwa dhaifu. Aliyeomba muda hakuwa mdaiwa. Madiwani si Tume. Na aliuomba kwa maslahi ya wadai: wasiambukizane kwenye foleni, na wale wanaoogopa wasikose kura kwa hofu. Hata shehe wangu angesikiliza. Kilichonizuia mimi ni rahani. Rahani iko wapi? Februari ikifika na maradhi yako palepale, nani atazuia Februari isiwe Juni? Aliyewahi kuandika deni jipya juu ya deni la zamani kwenye ukurasa uleule anaijua njia hiyo inakoishia.

Tena kifungu kilekile cha 159 kina ukarimu wake. Kinasema muda wa baraza ukiisha, baraza la zamani linaendelea na kazi mpaka jipya litangazwe, ili mji usikae bila mwenyewe. Ni busara, ila ni busara yenye utamu wa hatari, maana anayekaa baada ya muda wake anakaa kwenye kiti kilekile na anasaini kwa kalamu ileile. Hapa kwetu, kabla ya kura ya serikali za mitaa ya 27 Novemba 2024, wenyeviti walitangaziwa kwamba madaraka yao yanakoma siku saba kabla. Wiki hiyo jirani yangu aliyehitaji barua ya mtaa alikwenda kwa mwenyekiti kama alivyozoea, akakuta mwenyekiti amekaa barazani anacheza bao, akamwambia, "Mimi sasa ni mtu kama wewe, nenda kwa mtendaji." Jirani alirudi analalamika. Mimi nilifurahi sana, sikumwambia.

Tarehe 3 Septemba Mahakama ya Katiba ikatoa amri yake. Ombi la Tume limekataliwa. Tangazo la waziri la 27 Oktoba nalo limefutwa, kwa sababu mara tarehe inapotangazwa uandikishaji hufungwa, na Tume ilikuwa haijapata nafasi ya kuandikisha watu wapya. Waziri atangaze tarehe nyingine, lakini isivuke 1 Novemba. Basi wikiendi ya 18 na 19 Septemba watu wakaandikishwa, na uchaguzi ukawekwa siku ya mwisho kabisa ya ajali, Jumatatu, 1 Novemba. Yaani mdaiwa kaja kulipa usiku wa mwisho, taa ya duka ikiwa inazimwa, lakini kaja.

Mambo ya wanadamu hayaendi bila mchezo. Chama tawala, ANC, kilikuwa kimechelewa kupeleka majina ya wagombea katika manispaa nyingi. Mlango ulifungwa 23 Agosti wao wakiwa nje. Amri ya mahakama ilipobadilisha ratiba, Tume ikaufungua tena mlango wa wagombea, nao wakaingia. Chama cha upinzani cha DA kilikwenda mahakamani kupinga, kikashindwa. Mpwa wangu alicheka sana siku ile. Mahakama imekataa kumwongezea muda mtu yeyote, na aliyechelewa kuliko wote amepata muda! Na mimi nilicheka, ila kicheko kilinikwama, kwa sababu pale sikuona kosa la kisheria bali niliona jinsi tarehe moja inavyovuta nyingine, kama uzi wa shati: unavuta hapa, kifungo kinadondoka kule.

Kisha likaja jambo ambalo nimelisimulia barazani mara nyingi, na kila mara kuna mtu ananikatiza. Tarehe 25 Novemba, wiki tatu na siku chache baada ya kura, wanasayansi wa Afrika Kusini waliutangazia ulimwengu aina mpya ya kirusi cha korona, Omicron. Desemba maambukizi yakapanda kwa kasi. Ile 1 Novemba ilikuwa imeangukia bondeni, kati ya mlima mmoja wa maradhi na mwingine. Rafiki yangu mmoja anasema hiyo ni dalili kwamba mahakama iliongozwa. Simfuati huko. Kufikia Februari wimbi lilikuwa limekwisha kushuka, kwa hiyo Moseneke naye angeweza kutoka salama. Ninachokiona mimi ni kidogo zaidi: mwezi wa Julai hakuna mtu hata mmoja aliyejua. Wa Februari walidhani wanaijua Februari, na wa Novemba hawakuijua Novemba, ila wao walikuwa na tarehe iliyoandikwa tangu zamani, kabla ya mtu yeyote kujua nani ingemfaa.

Siku ya kura ilikuwa mapumziko. Mpwa wangu si raia, hapigi kura. Alifunga fremu akakaa nyumbani. Mama mwenye nyumba wake, mzaliwa wa Durban, alikuwa uani anafua. Akamwuliza, "Mama, huendi?" Yule mama akamweleza kwamba tarehe kama ile, 1 Novemba mwaka 1995, ndipo sehemu nyingi za nchi yao zilipopiga kura ya kwanza ya serikali za mitaa baada ya ubaguzi, lakini wao wa KwaZulu-Natal waliahirishiwa mpaka 26 Juni 1996. Vurugu za kisiasa zilikuwa kali, majirani wanauana. Katiba ya sasa ilikuwa haijapitishwa. Walingoja karibu miezi minane, na hakuna aliyemsikia akilalamika, kwa sababu alitaka kufika kwenye foleni akiwa hai. Na siku ile ya 1996 alipanga foleni tangu kabla ya jua kuchomoza.

"Na leo?" mpwa wangu akauliza.

"Leo siku yao wameitimiza," akasema. "Maji yangu je?" Akakung'uta shuka akaianika.

Waliojiandikisha nchi nzima walikuwa milioni 26. Waliojitokeza hawakufika nusu. Mwaka 2016 walikuwa wamevuka nusu. Nimejaribu kuliweka hilo kwenye hesabu zangu za duka na halikai. Deni limeletwa kwa tarehe, pesa iko mezani, mashahidi wapo, na mdai hakutokea kuipokea. Tena yule mama wa Durban, kwa maneno yake mwenyewe, aliwahi kuahirishiwa na akaridhika.

Yule mvuvi wa Sahare alilipa. Mfungo mosi ulipoandama alikuja na pesa kamili zimefungwa kwenye leso. Fungu langu nikamrudishia palepale, mbele ya mashahidi. Yaliyobaki nikayaandika kwenye daftari la watoto. Baadaye nikajua kwamba alikuwa ameuza nyavu zake ili kutimiza siku, na tangu hapo akawa anavua kwenye vyombo vya watu kwa ujira, mpaka nguvu zikamwisha.

Mdogo wangu sasa ana wajukuu, anaishi Muheza. Alikuja dukani mwaka jana kununua sukari ya msiba, tukawa tunazungumza habari za baba, nikamsimulia yote: leso, nyavu, maneno ya shehe. Alikuwa hajapata kuyasikia. Akakaa kimya, mkono juu ya kaunta.

"Mngeniuliza," akasema.

"Ulikuwa na miaka sita."

"Ningemsamehe na miaka yangu sita." Akakunjua kiganja nimpe chenji yake.